Koti la Nne

Tuliwaacha gizani, chini ya meza, na mkono wa Mwalimu ukiwa juu ya kichwa cha nne.

Usishike kifua, msomaji. Kichwa chenyewe kilikuwa na joto na kilikuwa kinapumua vizuri tu. Tatizo ni kwamba Mwalimu alizaa watatu.

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nampitisha mbio mbio. Fundi cherehani ameileta familia yake likizo ufukweni, na mvua imekuja nao kana kwamba ilialikwa. Tangu wafike hakuna aliyelowa maji ya chumvi hata kidole. Wanalowa ya mawinguni tu. Mkewe ni mwalimu wa chekechea, na kazi ikishamwingia mtu mwilini haimtoki hata likizoni. Kikitokea kishindo chochote, yeye huhesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Basi jioni hiyo, saa za chai, radi ikapiga, umeme ukakatika, Mwalimu akawasukuma wanawe wote chini ya meza ya chakula, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Nne.

"Baba Kasuku," aliita, sauti nyembamba kama uzi. "Uko wapi?"

"Jikoni. Nahamisha ndoo."

"Kwa hiyo hiki si kichwa chako."

"Changu ninacho mwenyewe, mke wangu. Kwani umeokota kingine?"

Fundi akaja na tochi, akainama, akamulika. Alichokiona kilimfanya akae sakafuni bila kuangalia kama kuna maji. Na yalikuwepo.

Makoti manne ya mvua, ya manjano, kofia zimefungwa kwa kamba chini ya kidevu, yamejipanga kama vifaranga.

"Umeona?" Mwalimu alimnong'oneza. "Sasa niambie tena lile koti la nne ni la nani."

Hapo kuna kisa. Makoti yale aliyashona Fundi mwenyewe, kwa kitambaa cha turubai alichokipaka nta, ili mvua ikileta jeuri watoto wavae hadi ndani ya nyumba. Na ndivyo walivyokuwa wanavaa, maana dari ya nyumba ile ya kupanga ilikuwa inavuja kila mahali isipokuwa juu ya ndoo. Lakini mkono wa fundi ukiona kitambaa kimebaki, unawasha. Akakata la nne. Jana yake Mwalimu alimuuliza la nani, naye akajibu, "La akiba." Mwalimu akauliza, "Akiba ya koti au akiba ya mtoto?" Fundi alicheka sana, akalitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo ili nta ikauke.

Sasa kicheko kilikuwa kimehama.

"Mimi nilisema akiba ya koti," alijitetea. "Mtoto sikumtaja kabisa."

"Mbona mnashangaa hivyo?" Huyo ni Kasuku, binti mkubwa, ambaye mdomo wake haujui likizo. "Sisi tunaye tangu mlipokuwa mnachemsha chai. Gundi amemgawia mkate wake."

Gundi ni yule wa kati, mwenye tabia ya kumganda mtu hadi abanduliwe. Muda huo alikuwa amemkumbatia mgeni wake kiunoni. Wa mwisho ni Tembo, mdogo kuliko wote, ila akitembea vikombe hucheza kabatini.

"Aliingilia wapi?" Fundi aliuliza.

"Mlango wa jikoni. Bibi alipotoka na mkate."

Kwenye kiti cha dirishani, Bibi akakohoa. Huyo ni mama mzazi wa Mwalimu, mwanamke wa mtandio mpana na maneno machache.

"Mkate gani tena? Mtoto anaota huyu."

"Mkate wote, Bibi. Uliuweka hapa kwapani, chini ya mtandio."

Msomaji wa siku zote hapa hashangai. Tumeshamwona Bibi akitoweka kila chai ikichemka na kurudi na mchanga miguuni. Fundi alikuwa ameshaona mikate inavyoyeyuka, lakini akalaumu panya. Mwanamume gani atamhoji mama mkwe wake habari za mkate? Heri radi.

"Tumalize la mtoto kwanza," Bibi alisema, akiuvuta mtandio. "Muulizeni ni wa nani."

Mwalimu akapiga magoti. "Mwanangu, unaitwa nani?"

Mtoto akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa.

"Haongei na wakubwa," Kasuku alieleza. "Akifungua mdomo jino litaonekana. Ni mtoto wa daktari wa meno, nyumba ya pili. Jino lake la mbele linacheza, na baba yake amesema leo leo analing'oa. Amekuja na mfuko wake wa vyuma likizoni! Basi akatoroka, akaliona koti kwenye kamba, akavaa, akawa wa kwetu."

"Akawa wa kwetu," Tembo alirudia, akaupiga mguu sakafuni.

Fundi akajikuna kidevu. Kati ya nyumba zote ufukweni, lazima iwe ile! Siku waliyofika yeye alianika nguo za familia nzima kwenye kamba ya pamoja, toka nguzo hadi nguzo. Daktari akakosa pa kuanika taulo, akaishusha suruali ya Fundi, ile ya kitambaa kizuri, akaiweka juu ya kichaka. Mbuzi wa mtu akapita. Tangu siku hiyo wanaume wale wawili wakikutana huangalia mawingu.

"Tutamrudisha mvua ikipungua," alisema. "Utamrudisha wewe, Mama Kasuku. Mimi na yule bwana hatuna salamu."

"Mtoto wa watu, Baba Kasuku! Mama yake ana hali gani saa hii?"

Jibu lilitoka dirishani, kwa Bibi, na halikuwa la mzaha.

"Hali yake si nzuri. Njooni muone. Mumewe anajifunga kamba."

Wote wakakimbilia kioo. Kilikuwa kimejaa chumvi na matone, lakini walichokiona kiliwatosha. Bahari ilikuwa imepanda hadi pale ambapo asubuhi palikuwa na viti. Mke wa Daktari alikuwa amesimama mvuani bila mtandio wala viatu, ameshika ndara moja ndogo ya rangi ya waridi. Nyingine ilikuwa inaelea.

"Ndara zake," Kasuku alisema, na kwa mara ya kwanza jioni ile sauti yake ilikuwa ndogo. "Alizivua akaziacha ufukweni, zisifanye kelele."

Daktari alikuwa amefunga ncha moja ya kamba kwenye nguzo ya kuanikia na nyingine kiunoni. Miwani ikiwa bado usoni, alikuwa anayatazama mawimbi yale kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia.

"Anadhani mtoto amechukuliwa na maji," Mwalimu alisema. "Anaingia kumtafuta. Baba Kasuku, kimbia!"

Fundi alishafika mlangoni.

"Baba!" Kasuku alimpigia kelele. "Si ulisema humsalimii mpaka akuombe radhi kwa suruali?"

"Simsalimii! Nakwenda kumfokea tu!"

Nje, upepo ukampokea kwa kofi la mchanga. Alifungua mdomo kuita, ukajaa. Akatema, akaita tena, neno likapeperushwa nyuma ya nyumba. Bati likang'oka kwenye banda la kuhifadhia viti vya ufukweni, likapita juu yake likizunguka kama sahani. Akajilaza kifudifudi, akainuka, akakimbia huku anapunga mikono yote miwili.

Daktari alimwona. Alimwona mtu wa ule ugomvi wa suruali anamjia mbio, mikono juu, mdomo wazi.

"Sio sasa!" Daktari alifoka. "Habari za suruali baadaye! Huna hata haya?"

"Mtoto! Mtoto wako yuko—"

"Nitakulipa!"

Na akaingia majini. Wimbi la kwanza likamfika magotini. La pili kifuani. Miwani ikaenda.

Ndani, Mwalimu hakusubiri. Alimnyanyua mgeni, akamsimamisha juu ya meza mbele ya kioo, akagonga dirisha kwa pete yake mpaka kidole kikauma. "Mwangalie! Huyu hapa! Mwangalie!"

Mama wa mtoto akageuka. Macho yake yakatua dirishani, yakamwona mtoto mdogo mwenye koti la manjano. Kisha yakarudi baharini.

Ndipo Mwalimu alipoelewa. Huko nje hakuna aliyemwona mtoto wa Daktari. Walichokiona ni mtoto wa Fundi, mmoja wa wale wa manjano ambao wiki nzima walikuwa wanaruka madimbwi.

"Livue! Livue hilo koti!"

Akashika kamba ya kidevuni. Sasa sikia. Fundi huyu hashoni kitu kifunguke hovyo. Upepo usiweze, ndivyo alivyojisifu, na watoto wakafundishwa kufunga kama alivyotaka yeye. Turubai imelowa, kamba imevimba, fundo limekuwa kokwa. Mwalimu akavuta kwa kucha. Akavuta kwa meno. Bibi naye akajaribu. Wapi!

"Mkasi!"

"Baba anao mfukoni," Kasuku alisema. "Yuko nje nao."

Majini, Daktari alizama, akaibuka, akaita jina ambalo upepo haukumruhusu mtu kulisikia.

Mwalimu akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa darasani kwake. Sijui niseme vipi, lakini mgongo ulinyooka na sauti ikabadilika.

"Darasa!"

"Ndi-yoo Mwa-li-mu!" wanawe waliitika wote, hata Gundi, maana nyumbani kwao sauti ile haijadiliwi.

"Mstari juu ya meza! Mdogo mbele! Mama, shika tochi. Mmulike kila ninayemgusa."

Wakapanda. Meza ikalia chini ya Tembo. Wanne wakajipanga bega kwa bega mbele ya kioo, na Mwalimu akaanza kazi aliyoifanya maisha yake yote, polepole, mkono ukipanda na kushuka ili aliye mbali aone.

Moja. Tochi ikamulika kofia ya kwanza.

Mbili.

Nje, mke wa Daktari aliona mwanga ukitembea, akageuka. Wiki nzima mwanawe alikuwa amelilia koti kama yale. Wiki nzima alikuwa amemwambia, "Yale ni ya watoto watatu wa Fundi, mwanangu, la nne halipo."

Tatu.

Mama akaipangusa mvua machoni.

Nne.

Nasikia ukelele alioupiga ulisikika hadi barabara kuu, upepo au bila upepo. Akaidaka kamba kwa mikono miwili, akaivuta kama mtu anayemtoa mbuzi shambani kwa jirani. Fundi, aliyekuwa ameshafika, akashika nyuma yake. Daktari alikuwa anajiandaa kupiga mbizi. Badala yake akakalishwa kitako, akaburutwa kinyumenyume na povu lake lote hadi mchanga mkavu, huku anauliza ni nani anayemwonea.

"Yuko ndani!" mkewe alimlilia sikioni. "Yupo! Ni wa nne!"

Daktari akaifungua kamba kiunoni, akaiacha hapo hapo mchangani, wakakimbia.

Mlango ulipofunguliwa yule mama hakuuliza. Alilirukia koti la manjano la kwanza, akalikumbatia, akalilowesha kwa machozi na busu.

"Mimi ni Gundi," koti lilisema.

Lakini halikumwachia. Ilibidi Mwalimu ambandue, kidole kimoja kimoja, ndipo mama akampata wa kwake. Nitawaacha kidogo pale. Hata mimi nimehitaji kufuta miwani.

Ajabu ya wazazi, mtoto akipotea humwomba Mungu amrudishe, akirudi humtafutia fimbo. Daktari alikuwa bado anatoa maji puani aliponyoosha kidole.

"Unajua nilikuwa wapi? Unajua?"

Mtoto akarudi chini ya meza kama panya. Kutoka humo, kwa mara ya kwanza, tukamsikia sauti.

"Ukinigusa jino narudi kutoroka."

Ndoo zilikuwa zinadondokewa. Daktari alimtazama mkewe, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyegombea kamba kwa ajili ya taulo. Akapiga magoti kwenye dimbwi, akainamisha kichwa usawa wa meza.

"Siligusi," alisema. "Likae hata mpaka uolewe. Rudi tu, mama'ngu."

"Uape."

"Naapa mbele ya jirani yangu hapa, ambaye..." Akamgeukia Fundi. "Ambaye nilimharibia suruali. Unisamehe, Fundi."

"Suruali ilishakuwa nyepesi," Fundi alijibu, akimtupia taulo. "Mbuzi alinipunguzia kazi ya kuitupa."

"Uongo!" Mwalimu alicheka. "Aliililia siku mbili!"

Wakubwa wakaanza kuongea wote kwa pamoja, kama watu waliookoka wanavyoongea. Mke wa Daktari akakamua nywele. Daktari akamwambia Fundi kwamba anakimbia kama bata, Fundi akamwambia kwamba anaogelea kama pasi. Ikawashwa jiko la gesi, birika likawekwa.

Ni Fundi peke yake aliyekumbuka jambo dogo. "Niliona bati linaruka," alisema. "La lile banda bovu la viti. Paa lote litaondoka leo."

Kwenye kiti chake, Bibi akaacha kukunja mtandio.

"Bati la banda?" aliuliza. "Upande gani?"

"Wa baharini, Mama. Si kitu, hakuna mtu mle."

Bibi akajifunga mtandio upya. Na hakuna aliyemwangalia tena, kwa sababu chini ya meza kulikuwa na zahanati.

Kasuku alikuwa amechukua uzi kwenye kikapu cha baba yake, ule mnene wa kushonea turubai, akamfunga mgonjwa wake kitanzi kwenye jino. Mgonjwa alikubali, kwa kuwa Kasuku hakuwa daktari na hakuwa na mfuko wa vyuma. Ilikuwa michezo tu.

"Na huku tunafunga wapi, Daktari?" Gundi alimuuliza dada yake.

"Kwenye kitasa. Kwa baba yake wanafunga kwenye mashine."

Tembo akauvuta uzi sakafuni hadi mlango wa jikoni, ule wa kufungukia nje, akauzungusha kwenye kitasa. Mgonjwa akatulia, mdomo wazi, akiwa na furaha kubwa.

Daktari aliuona uzi. Akaufuata kwa macho, bila miwani, toka mdomoni mwa mwanawe hadi mlangoni.

"Hapana, hapana, watoto, msifanye hiv—"

Mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, kama unaosukumwa na mkono wa taratibu. Upepo ukaupokonya.

Paa!

Ulipiga ukuta wa nje, vikombe vikaruka, tochi ikaanguka ikazimika. Gizani mtoto akatoa sauti ndogo: "Ah!"

Mwalimu hakuhitaji mwanga. Mkono ulishaanza safari. Moja, mbili, tatu, nne. "Wapo," alisema, akashusha pumzi.

Fundi akaipata tochi, akaiwasha. Mtoto wa Daktari alikuwa amekaa vile vile, macho makubwa, na katikati ya tabasamu lake kulikuwa na dirisha. Uzi ulikuwa unapepea mlangoni, na kwenye ncha yake jino dogo jeupe likining'inia kama nguo iliyoanikwa.

"Limeumia?" baba yake aliuliza kwa woga.

"Nani?"

"Wewe!"

"Sijui. Halikuniambia."

Hapo nyumba ilipasuka. Daktari alicheka hadi akashika meza. Fundi alicheka hadi akakaa tena kwenye lile dimbwi lake. Waliomba jino, wakalipitisha mkono kwa mkono, wakalisifia mzizi. Tembo aliomba na yeye afungwe uzi, ingawa yake yote yalikuwa imara kama misumari.

Ni Mwalimu aliyeacha kucheka kwanza.

"Jamani, huo mlango aliufungua nani?"

Watoto wanne wapo. Mumewe yupo. Daktari na mkewe wapo. Akanyoosha mkono kwenye kiti cha dirishani, akagusa mto, ukiwa bado na joto.

"Mama?"

Jikoni mkate wa pili haukuwepo. Wala sufuria ya maziwa.

"Mama!"

Wakasongamana kwenye mlango wa jikoni. Mvua ilikuwa imeziba kila kitu. Banda la viti halikuwa na paa tena. Hakuna mtu, hakuna mtandio, hakuna nyayo ambazo maji hayajazifuta.

"Tazameni nguzo," Daktari alisema.

Ile kamba yake, aliyoivua kiunoni akaiacha imelala mchangani, haikuwa imelala. Ilikuwa imenyooka toka nguzo ya kuanikia hadi ndani ya mvua, upande wa banda, imekaza kama uzi wa cherehani. Ikalegea. Ikakaza tena. Mtu alikuwa anaivuta.

Fundi akaishika. Akavuta kidogo, na upande wa pili ukajibu.

"Mama mkwe!" aliita kwa sauti yake yote. "Ni wewe?"

Upepo ukanyamaza kidogo, kama na wenyewe unataka kusikia, na sauti ya Bibi ikaja, kavu na tulivu, ile ile ya kuombea chumvi mezani.

"Ni mimi, baba. Vuteni. Lakini polepole, msitushtue, maana tuko wawili."